Figo kwa Jemedari

Wifi yake alipoingia karakana kuomba figo, Sindano alikuwa na misumari mdomoni. Ndivyo wafanyavyo mafundi wa viti: misumari midogo unaibana kwa midomo, mkono mmoja unavuta kitambaa, mwingine unapiga nyundo. Kwa hiyo wifi alisema yote aliyokuja nayo bila kukatizwa. Mafigo ya mumewe yameharibika, yote mawili. Siku anazofungwa kwenye mashine ya kusafisha damu anarudi nyumbani kama nguo iliyokamuliwa, na siku asizofungwa anavimba miguu. Watoto wao wamejitolea, lakini mmoja ana kisukari na mwingine vipimo vimemkataa. Amebaki dada mtu, wa baba mmoja mama mmoja.

"Najua hamsemezani," wifi akasema, akijipangusa uso kwa ncha ya mtandio. "Najua sana. Lakini damu nzito kuliko maji, wifi yangu."

Sindano akatema misumari kiganjani. "Amekutuma?"

"Hajui kama niko hapa."

"Basi mwambie aje mwenyewe. Mlango wangu haujamkataa mtu."

Aliyasema kwa upole, na wifi akaondoka huku akimshukuru mpaka barabarani. Hakujua kwamba Sindano alikuwa akiisubiri siku kama hiyo kwa miaka. Alitaka kaka yake aje, aombe kwa kinywa chake, kisha asikie neno moja tu: hapana.

Jina la Sindano alipewa utotoni kwa wembamba wake na ukali wa ulimi wake. Kaka yake aliitwa Jemedari tangu baba yao alipofariki, maana kuanzia hapo hakuna aliyesoma, kuhama, kuoa wala kuolewa katika nyumba ile bila amri yake. Kazini alikuwa msimamizi wa ghala la saruji. Nyumbani alikuwa msimamizi wa watu. Sindano alipochumbiwa na fundi saa, Jemedari alicheka mbele ya wageni. "Mwanamume anashinda kibandani akichungulia saa za wenzake," alisema, "yeye saa yake itafika lini?" Sindano akaolewa hivyo hivyo. Jemedari akamwambia mlango aliotokea asiutafute tena.

Hilo angelisamehe. Watu hugombana kwa ajili ya ndoa, kisha hupatana. Lisilosameheka lilikuja baadaye, siku mteja mmoja alipofika kuchukua viti vyake, akamshika mkono na kusema, "Pole na msiba, fundi."

"Msiba gani?"

Yule mteja akababaika, akatazama viti, akatazama mlango. Ndivyo Sindano alivyojua kwamba mama yake amefariki, tena ameshazikwa.

Mjomba wao, mdogo wake mama, alikuja baada ya muda kumweleza yaliyobaki, macho kayaelekeza sakafuni. Mama aliugua wiki nyingi. Kila mlango ulipofunguliwa aligeuza kichwa na kuuliza, "Ni Sindano?" Jemedari alikuwa amemwambia mama, na mjomba, na mama wadogo wote, kwamba Sindano ameitwa na amekataa kuja, eti ana kazi nyingi.

"Na mimi niliamini," mjomba akasema. "Mama yako naye akaamini. Mwishoni aliacha kuuliza."

Hayo maneno, kwamba mama aliacha kuuliza, yalimkaa Sindano kooni kama mwiba wa samaki. Alikula nayo, alilala nayo. Kila alipopiga nyundo, alimpiga Jemedari.

*

Jemedari alikuja. Alikuja akimwegemea mkewe, akakaa kwenye kiti ambacho kilikuwa bado hakijavalishwa kitambaa, springi zikalia chini yake ingawa alikuwa amekonda. Mkononi, pale wanapochoma sindano za mashine, mshipa ulikuwa umetuna kama kamba. Alipumua kwanza, ndipo akasema.

"Mdogo wangu, nimekuja kuomba."

Lile "hapana" lilikuwa tayari limefika mdomoni. Lakini karakana ilikuwa tupu. Walikuwa wao na wifi tu, na Sindano akaona hapana ya kusikiwa na watu watatu haitamtosha.

"Si hospitali wanawaita ndugu wote kuwaelimisha?" akasema. "Basi nitajibu hukohuko, mbele ya kila mtu."

Siku ilipofika, ukoo ulijaa kwenye chumba cha mikutano cha hospitali, viti vya plastiki vikawa havitoshi. Sindano alikaa mstari wa nyuma karibu na mjomba. Muuguzi mratibu, mwanamke mchangamfu mwenye sauti ya kufika uani, alisimama kando ya picha kubwa ya figo.

"Mnaliona dogo hivi," alisema, "lakini lina maringo. Likihamia mwili mwingine, mwili unaliona mwizi, unataka kulifukuza. Kwa hiyo mgonjwa anakunywa dawa maisha yake yote za kuwalaza usingizi walinzi wa mwili. Na walinzi wakishalala, kila kitu kinaweza kuingia. Ndiyo sababu tutawachosha watoaji kwa maswali, hasa ya saratani. Mtu anaweza kuwa alitibiwa zamani, akapona, anadunda tu mtaani. Kumbe chembe chache zimejikunyata ndani yake, kinga yake inazibana zisifurukute. Zikisafiri ndani ya figo mpaka kwa mtu ambaye walinzi wake wamelala, zinaamka. Na hakuna mbaya kama ile ya ngozi inayoanza na doa jeusi. Hiyo tukisikia tu mtu aliwahi kuwa nayo, hata kama zamani sana, tunamwambia asante, nenda nyumbani. Hiyo ni bingwa wa kujificha."

Sindano alisikia unyayo wake wa kushoto ukimwasha ndani ya kiatu.

Doa lake lilitokea hapo unyayoni, mahali anapokanyagia cherehani. Alidhani ni damu iliyovilia. Lilipoanza kupanuka na kutoa majimaji, mumewe alimpeleka hospitali ya mji mwingine, wakalikata, wakaweka kiraka cha ngozi, na kinenani wakamtoa tezi moja kuitazama kama ugonjwa umefika huko. Walimwambia ni kansa ya ngozi na kwamba imewahiwa. Walimwambia pia arudi kliniki kila baada ya muda. Alirudi mara chache, kisha akaacha. Kati ya wote waliokuwa ndani ya chumba kile, hakuna aliyejua.

"Haya," mratibu akasema, "nani yuko tayari kuanza vipimo?"

Vichwa viligeuka kumtazama. Jemedari peke yake aliinamisha uso, kama mtu anayesubiri kupigwa. Sindano alikuwa ameingia na hapana yake, ameipamba na kuinoa. Ghafla akaona kwamba iko ndiyo moja ambayo ni mbaya kupita hapana zote.

Akasimama. "Mimi. Nipimeni. Nikifaa, alichukue."

Wifi alianguka miguuni pake. Mama wadogo, walewale waliokuwa wakipita karakana yake bila salamu, walimkumbatia kwa zamu. Jemedari alilia kwa sauti, mabega yakitikisika. Sindano alimpigapiga mgongoni, na chini ya kiganja chake alihesabu mbavu.

*

Hata hivyo alimpa nafasi. Baadaye alijiambia hivyo mara nyingi, kwamba alimpa nafasi.

Ilikuwa kwenye korido ya maabara, wamekaa bega kwa bega, kila mmoja na pamba mkononi baada ya kutolewa damu. Jemedari alikuwa akisimulia mambo ya utotoni, jinsi alivyokuwa akimbeba mgongoni kuvuka mtaro wakati wa mvua. Sindano akamwacha amalize.

"Kaka, mama alipokuwa anaumwa, aliniulizia?"

Jemedari aligeuza ile pamba, akaitazama. "Mama hakuwa na fahamu, mdogo wangu. Hakumwulizia mtu."

"Hata mara moja?"

"Hata mara moja. Usijitese."

"Sawa," Sindano akasema. "Nilitaka kujua tu."

Kuanzia hapo hakusitasita. Damu zililingana kana kwamba ni pacha. Moyo ulikuwa mzima, mkojo msafi, presha ya msichana. Mratibu alipomuuliza, "Umewahi kuugua saratani? Umewahi kutolewa doa, uvimbe, chunjua lolote?" alijibu, "Sijawahi," huku akimtazama machoni. Nyumbani mumewe aliinua kichwa kutoka kwenye saa aliyokuwa ameifungua, kioo cha kukuzia bado kimebanwa kwenye jicho.

"Umewaambia habari za mguu?"

"Wameniuliza kila kitu," Sindano akajibu.

Fundi saa alimtazama kwa lile jicho kubwa la kioo, kisha akarudi kwenye kazi yake. Alikuwa mtu wa kuamini. Ndiyo sababu alimpenda, na siku hiyo ndiyo sababu alishindwa kumtazama.

Kilibaki kituo kimoja kabla ya tarehe ya upasuaji: daktari wa watoaji. Jemedari alikuwa na madaktari wake, lakini huyu mwanamke hakuwa wa Jemedari.

"Mimi kaka yako hanihusu," alimwambia Sindano mara tu alipofunga mlango. "Anao wa kumhangaikia. Mgonjwa wangu ni wewe, ingawa huumwi. Vua, dada, nikukague mwili mzima."

Akawasha taa kali yenye shingo ndefu. Alianza kichwani, akitenganisha nywele. Akapita nyuma ya masikio, ndani ya midomo, kwapani, chini ya kucha.

"Daktari, unatafuta chawa?" Sindano akatania.

"Natafuta chochote ulichosahau kuniambia."

Alipofika kwenye unyayo wa kushoto, taa ilisimama. "Na hili kovu?"

"Msumari. Mimi fundi viti, misumari ni ndugu zangu."

"Pole." Daktari akabonyeza pembeni ya kovu kwa kidole gumba, akaandama mguu kwenda juu, goti, paja. Sindano akashusha pumzi. Kisha taa ikasimama tena, kinenani.

"Na hili?"

"Jipu. La zamani."

Daktari aliisogeza taa. Alirudi unyayoni, akatazama, akaja kinenani, akatazama, kisha akavuta kiti akakaa usawa wa uso wake.

"Hapo unyayoni pana kiraka cha ngozi. Msumari hauwekewi kiraka. Na jipu halishonwi kwa uzi mdogo namna hii. Aliyeshona hapa alikuwa anatafuta tezi. Makovu haya umri wake mmoja." Akaegemea mbele. "Msumari gani huo, dada, unaochoma unyayoni ukashonwa kinenani?"

Sindano alivuta shuka mpaka kidevuni. Nje ya mlango watu walikuwa wakipita na kusalimiana.

"Lilikuwa doa jeusi?" daktari akauliza.

"Ndiyo."

"Waliliitaje?"

"Kansa ya ngozi."

"Na mratibu alipokuuliza ulisahau?"

Angeweza kusema ndiyo. Lakini alikuwa amechoka, na pengine alitaka japo mtu mmoja duniani ajue jinsi alivyokuwa karibu. "Sikusahau."

Daktari aliinuka. Akazima taa.

"Nimewaona watu wakificha magonjwa kwa sababu wanawapenda sana ndugu zao," alisema. "Wewe hukuficha kwa mapenzi."

"Hapana."

"Sitakuuliza alikufanya nini. Yanayosemwa humu hayatoki. Kaka yako ataambiwa hufai, basi, hataambiwa kwa nini. Kanuni hiyo tuliiweka kwa ajili ya watu wanaolazimishwa na ukoo na hawawezi kusema hapana. Leo inamkinga mtu aliyesema ndiyo." Sauti yake ilitetemeka kidogo, na Sindano akaelewa kwamba amekasirika sana. "Kliniki ya mguu umekwenda lini mara ya mwisho?"

"Niliacha."

"Uliacha! Unamwinda mwenzako kwa mkuki uliokuchoma wewe mwenyewe, na huna hata habari kama ncha bado imo ndani. Vaa. Unakwenda kupigwa picha ya mwili mzima, na si kwa ajili yake."

Majibu ya picha yalipotoka hayakuonyesha kitu. Daktari alimwonyesha mapafu, ini, ubongo, kote shwari.

"Picha inaonyesha kinachoonekana," akamwambia kabla hajauliza. "Kwa ugonjwa ule, hicho hakitoshi. Hutampa mtu kiungo chako maisha yako yote. Lakini wewe unaweza kuishi ukazeeka, kama utakuja kliniki. Utakuja?"

"Nitakuja."

*

Mambo yangeweza kuishia hapo. Jemedari aliambiwa dada yake hafai, akaomboleza, ukoo ukaomboleza naye. Lakini alimwita Sindano kwenye chumba cha mashine. Alikuwa amelala kwenye kiti kirefu, damu yake ikitoka kwa mrija mmoja na kurudi kwa mwingine. Akanyoosha mkono ulio huru.

"Nilitaka nikuambie nikiwa bado hai," alisema. "Wewe ni mwema kuliko mimi. Ulikubali kukatwa kwa ajili yangu baada ya yote. Mungu akulipe."

Sindano hakuushika ule mkono. Aliona kwamba mtu huyu atakufa siku moja akiwa na moyo mweupe, akidhani amesamehewa, na kwamba yeye ndiye aliyempa raha hiyo. Hilo hakuweza kulivumilia.

"Usinishukuru," akasema. "Niliwahi kuwa na kansa. Doa jeusi, unyayoni. Ile ile aliyoisema mratibu siku ile."

Jemedari alimtazama bila kuelewa. "Hukujua kwamba—"

"Nilijua. Nilimsikia vizuri kuliko nyote. Ndipo niliposimama."

Rangi ilimtoka. Mashine ilianza kulia, muuguzi akaja, akabonyeza, akamwuliza kama anasikia kizunguzungu, akaondoka. Jemedari alisubiri hatua zake zififie.

"Kwa nini?"

"Mama aligeuza kichwa kila mlango ulipofunguliwa. Nimejua zamani. Nilikuuliza juzi kwenye korido, ukanidanganya tena, macho makavu."

"Ungeniua."

"Ningekuua."

"Halafu ungekuja kunizika?"

"Wala," Sindano akasema. "Ningesema nimeitwa, ila nina kazi nyingi."

Akatoka. Kwenye ngazi alikaa chini, akacheka, na watu wakapita wakidhani analia. Tangu siku ya yule mteja hakuwahi kuwa mwepesi namna ile.

Nyumbani alimweleza mumewe yote, maana sasa hakuna kilichobaki cha kuficha. Fundi saa alivua kile kioo cha jichoni, akakiweka mezani.

"Nilikuuliza habari za mguu," alisema.

"Uliniuliza."

"Miaka yote nilidhani naishi na mtu aliyeumizwa. Kumbe naishi na mwindaji." Hakupandisha sauti. Alihamishia godoro lake kwenye chumba cha vyombo vyake, na kwa muda mrefu waliongea habari za chumvi na maji tu.

*

Jemedari hakumshtaki, wala hakuwaambia ndugu. Alifanya kitu kingine: alianza kuogopa.

Kaka wa mkewe, mtu aliyeitwa Kimya kwa sababu ya tabia yake, alijitokeza kutoa figo. Vipimo vya mwanzo vilikubali. Jemedari akakataa. Zamani Kimya alikuwa mpakiaji wa mizigo ghalani, na Jemedari alimsachi getini mbele ya wenzake wote, akamwaga mfuko wake chini, eti ameiba. Kilichopotea kilipatikana kesho yake. Jemedari hakuomba radhi. Sasa, kitandani, aliikumbuka ile siku vizuri kabisa.

"Huyu naye ana lake jambo," alimwambia mkewe. "Kikulacho ki nguoni mwako."

Akaja binamu, akakataa. Akaja jirani, akakataa. Kila uso uliokuja kumsaidia alikumbuka alichoutendea, na kumbukumbu hazikuisha. Ilifika mahali akawa ananusa chai ya mkewe kabla ya kuinywa. Mwili ukazidi kuisha.

Wifi alirudi karakana. Safari hii hakulia.

"Nimemkamua mpaka amesema. Umemuua bila kisu," alisema akiwa wima mlangoni.

"Bado anapumua."

"Amekosa, sawa. Alilomfanyia mama mkwe ni dhambi, na leo ndiyo nimelisikia. Wanangu wamekukosea nini? Nenda kamwambie ulikuwa unamtisha tu. Mwambie ni uongo."

"Uongo ni kazi yake, si yangu."

Aliposema hivyo alimwona mumewe amesimama kwenye uwazi wa ua, ameshika kikombe, anamsikiliza. Sindano alikumbuka kwamba kwa mratibu, kwa daktari na kwa mtu huyu, uongo ulikuwa kazi yake pia. Akaiweka nyundo chini.

"Awaite wote waliokuwepo mama alipougua," alisema. "Wote. Aseme mwenyewe alichofanya, kwa mdomo wake. Akimaliza, nami nitasema langu, la kweli, na huenda likamsaidia."

Walikusanyika sebuleni kwa Jemedari. Alikuwa ameegemezwa kwa mito, uso umevimba, lakini alianza kwa sauti yake ya amri. "Ndugu zangu, kutokana na hali ilivyokuwa wakati ule, dada yetu hakuweza kuitwa—"

"La," Sindano akasema. "Hakuweza kuitwa na nani? Nani hakumwita?"

Mama wadogo walitazamana.

"Mimi sikumwita," Jemedari akasema.

"Na mama ulimwambia nini?"

"Nilimwambia umekataa."

"Na alisemaje?"

Hapo Jemedari akavunjika. Alisema mama alijibu kwamba basi asisumbuliwe, kama ana kazi aifanye. Kisha mama akageukia ukuta. Jemedari alikuwa amesimama palepale na maneno ya kumrudisha yakiwa mdomoni, na hakuyasema, kwa sababu hakutaka kuonekana mwongo.

Mama mdogo aliyekuwa karibu na dirisha alisimama. "Nilimtukana mtoto huyu kwa miaka," alisema, akimwonyesha Sindano kwa kidole. "Nilipita mlangoni kwake nikitema mate. Kwa ajili yako!" Akachukua mkoba wake akatoka, na mwingine akamfuata.

Sindano aliyaangalia hayo yote. Alikuwa ameyaota mara nyingi, na katika ndoto kila mara alifurahi. Sasa alikuwa akifikiria mama akigeukia ukuta tu.

Kisha akasema lake. Walipolisikia, waliobaki hawakujua wamtazame nani. Mjomba alijishika kichwa, akanong'ona, "Mwenye kovu usidhani kapoa."

"Nisikilize, kaka," Sindano akasema. "Nilitumia hila zote nilizonazo. Nilimdanganya muuguzi, nikamdanganya mume wangu, nikafika mpaka kitanda cha mwisho. Yule daktari akanikuta. Alinikagua mpaka chini ya kucha. Kimya akiwa na kitu, ataonekana. Akiwa hana, mwogope kwa mengine, si kwa figo lake."

Wote wakamgeukia Kimya, aliyekuwa kwenye kona. Alikohoa. Wengi hapo hawakuwahi kusikia sauti yake.

"Mimi nalitoa kwa ajili ya dada yangu," alisema. "Wewe sikupendi hata kidogo."

Jemedari alimkazia macho, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi, uso ukamlegea. "Hilo naliamini," akasema. "Ile siku ya getini nilikuonea."

"Najua ulinionea," Kimya akajibu. "Mimi ndiye niliyeokota vitu."

*

Daktari wa watoaji alimkagua Kimya chini ya taa ileile. Mgongoni alimkuta na baka, akalikata kidogo akalipeleka maabara, akawazuia wote mpaka majibu yaliporudi kwamba si kitu. Upasuaji ulifanyika. Figo lilikojoa siku hiyohiyo, na mratibu akapita korido nzima akitangaza kana kwamba amezaa yeye.

Jemedari aliishi. Amri zake hazikuishi. Watoto wa ukoo walianza kuoa na kuhama bila kumwuliza, na mama wadogo hawakukanyaga tena sebuleni kwake. Sindano alikwenda kliniki kama alivyoahidi. Mara ya kwanza alikwenda peke yake. Mara ya pili fundi saa alimkuta kituoni, akapanda naye bila kusema neno, na walipoketi akamwuliza kama amekula.

Siku moja wifi alipita karakana.

"Anakusalimu," alisema. "Amenituma. Safari hii amenituma."

"Salamu zimefika."

Wifi alisubiri, akabadilisha mkoba kutoka mkono huu kwenda ule. "Nikamwambie nini?"

"Mwambie zimefika," Sindano akasema. "Za kurudisha sina." Akamvutia kiti apumzike miguu, akaenda kumtafutia maji ya kunywa.